Ujenge kituo, uwe tawi au uingie mtandao? Kwa hospitali ya Nairobi inayotaka kuanza majaribio ya dawa

Mkurugenzi wa hospitali moja ya misheni huku Eastlands alinitandikia ramani ya jengo mezani kwake. Ghorofa mbili: maabara chini, vyumba vya kuonana na washiriki juu. Bodi ya hospitali imekubali kutenga fedha ili waanze majaribio ya dawa na chanjo, na alitaka nimwambie kama vyumba vinatosha. Mimi ni muuguzi. Nimekuwa mratibu wa utafiti hapa Nairobi miaka mingi, na ramani za namna hiyo nimeonyeshwa zaidi ya mara moja. Nilimwomba aikunje kwanza.

Hospitali kama yake ina njia tatu za kuingia katika kazi hii. Inaweza kujenga kituo chake yenyewe. Inaweza kuwa tawi la kituo kikubwa ambacho kimekwisha kusimama, kama vile vya KEMRI (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba), Chuo Kikuu cha Nairobi au Aga Khan. Au inaweza kuingia katika mtandao wa nchi kadhaa unaoandama ugonjwa mmoja. Njia zote tatu zimewahi kuzaa matunda, na zote zinahitajika: Afrika ina karibu asilimia 18 ya watu wa dunia, ilhali majaribio yanayofanyika kwetu ni asilimia chache tu. Dawa nyingi tunazomeza zilipimwa katika miili ya watu wa kwingine, wanaokula vingine na kuugua vingine.

Nazipima njia hizi kwa swali moja: siku utafiti unapofungwa, nani anabaki, na anabaki na nini?

Jengo na vyombo

Hapa sitakaa sana, kwa kuwa karibu kila kitu cha upande huu hununuliwa. Unahitaji chumba ambamo mtu anaweza kuzungumza bila kusikika nje. Unahitaji duka la dawa la utafiti lenye kufuli na kipimajoto, friji, freeza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, jenereta, na stoo kavu ya kuhifadhi mafaili kwa miaka mingi baada ya utafiti kwisha. Ukijenga mwenyewe, vyote hivyo ni mzigo wako, pamoja na ukarabati wake na cheti cha ubora cha maabara kinachopaswa kuhuishwa. Ukiwa tawi, unahitaji chumba, friji na mpanda pikipiki mwenye sanduku la baridi. Sampuli huenda kituo kikuu siku hiyo hiyo. Ukiwa kwenye mtandao, vyombo huletwa, lakini huletwa kwa ajili ya ugonjwa ule mmoja.

Jambo la kuangalia kwa tawi ni umbali, na Nairobi umbali haupimwi kwa kilomita. Damu inayotakiwa kutenganishwa seli lazima ifike maabara ndani ya saa chache. Kutoka Umoja hadi Mbagathi, iliko KEMRI, saa kumi na moja jioni, mvua ikinyesha, ni safari nyingine kabisa na ile ya saa nne asubuhi. Kwa hiyo tawi hupanga kutoa damu asubuhi, na washiriki wanaofanya kibarua Viwandani hawawezi kuja asubuhi. Hilo litatuliwe kabla ya kusaini chochote.

Kuna tukio ambalo hunirudia kila nionapo ramani ya jengo. Katika kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi, stima ilipotea Ijumaa jioni ya wikendi ndefu. Jenereta iliwaka kama ilivyotakiwa, ikala dizeli yote, na Jumamosi usiku ikazima. Kipimajoto cha freeza kilirekodi kila saa. Hakukuwa na mtu aliyepangiwa zamu ya kukisoma. Jumatatu tulikuta sampuli za miezi mitano zimeyeyuka. Zilikuwa zimetoka kwenye mishipa ya watu waliopanda matatu kutoka Dandora na Kayole, na hazingeweza kuchukuliwa tena, kwa sababu siku ya kumi na nne baada ya chanjo huja mara moja tu. Vyombo vilikuwepo vyote. Kilichokosekana ni mtu wa zamu mwenye mshahara wa wikendi.

Watu

Hapa ndipo njia hizi tatu zinapotengana kweli.

Kazi ya utafiti hapa mjini huendeshwa kwa mikataba. Utafiti ukianza, unaajiri muuguzi, afisa wa kliniki, mfamasia, mtaalamu wa maabara, karani wa data na watu wa kutembelea jamii. Unawafundisha kanuni za utendaji bora wa utafiti, unawafundisha itifaki, yaani mpango rasmi wa utafiti ulioandikwa, na baada ya mwaka mmoja au miwili wameiva. Kisha utafiti unafungwa na wote wanaondoka mwezi mmoja. Nimeaga timu nzima kwa namna hiyo zaidi ya mara moja. Muuguzi anayejua kumtambua mshiriki anayesema ndiyo kwa sababu tu ya kumwogopa daktari, huyo huchukua miaka kumpata, na tunamwachia aende kuuza mitumba Gikomba kwa kuwa utafiti unaofuata bado unasubiri kibali.

Anayejenga kituo chake lazima awe na jibu la miezi hiyo ya katikati. Taasisi zilizosimama zilikuwa nalo. Mfano ninaoujua vizuri ni KAVI, taasisi ya utafiti wa chanjo pale Chuo Kikuu cha Nairobi. Chanjo ya kwanza ya HIV waliyoijaribu ilianza mwaka 2001. Hawakuishia hapo: jaribio lilifuata jaribio, na waliofundishwa la kwanza waliongoza yaliyofuata. Profesa Job Bwayo, mmoja wa walioianzisha taasisi hiyo, alipouawa mwaka 2007, kazi haikufa pamoja naye kwa sababu alikuwa amelea watu wa kuibeba. Hospitali yako ikitaka kituo chake, jiulize kama inaweza kulipa angalau watu watano wa msingi kwa mwaka mzima bila mfadhili yeyote. Kama haiwezi, jengo litabaki na kufuli.

Tawi lina nafuu kubwa hapa, na lina mtego mkubwa pia. Nafuu ni kwamba wauguzi wako wanajifunza kwa kutenda, chini ya macho ya waliokwisha kuiva, na utafiti mmoja ukifungwa kituo kikuu huwa na mwingine. Hebu tazama KEN SHE, jaribio la chanjo ya virusi vya HPV kwa dozi moja lililoongozwa kwa upande wa Kenya na Profesa Nelly Mugo wa KEMRI. Wasichana na wanawake vijana 2,275 wenye umri wa miaka 15 hadi 20 waliandikishwa Thika, Nairobi na Kisumu. Miezi 18 baadaye dozi moja ilionyesha kinga ya asilimia 97.5 dhidi ya aina mbili za virusi vinavyosababisha sehemu kubwa ya saratani ya mlango wa kizazi. Matokeo yalitolewa Aprili 2022, na Desemba mwaka huo WHO ilikubali ratiba ya dozi moja kuwa mbadala kwa wasichana na wanawake vijana. Mambo kama hayo hayafanywi na timu iliyoajiriwa jana. Thika ilikuwa imekwisha kushiriki tafiti kubwa za kuzuia HIV miaka mingi kabla, na ujuzi wa kumfuata mshiriki bila kumwaibisha nyumbani kwao ulikuwepo tayari.

Mtego wa tawi ni huu: kituo kikuu kinaweza kuja na watu wake, kikakodi vyumba vyako, kikamaliza na kuondoka, na wauguzi wako wakabaki wakionyesha watu njia ya kwenda chooni. Au hodari wako wawili wakachukuliwa moja kwa moja kwa mshahara usioweza kuulipa. Kwa hiyo mkataba wa tawi uandikwe wazi kwamba angalau nusu ya timu ni waajiriwa wa hospitali, kwamba mmoja wa madaktari wako ni mtafiti mwenza anayetajwa katika itifaki na katika makala itakayochapishwa, na kwamba utafiti ukifungwa wanarudi kwenye vyeo vyao wodini. Ukiona kituo kikuu kinasitasita kwenye hilo la mwisho, tafuta kingine.

Mtandao wa ugonjwa hulea watu kwa namna yake. Mfano mzuri ni LEAP, ulioanzishwa mwaka 2003 kwa ajili ya kala-azar, ugonjwa wa vimelea unaoenezwa na usubi, ukiunganisha Kenya, Uganda, Sudan na Ethiopia pamoja na DNDi, shirika linalotafuta dawa za magonjwa yaliyosahauliwa, ambalo lina ofisi hapa Nairobi. Zamani mgonjwa wa kala-azar alidungwa sindano siku 30. Majaribio ya mtandao huo yalionyesha kwamba dawa mbili kwa pamoja zinatosha siku 17, na WHO ikaupendekeza mchanganyiko huo mwaka 2010. Kazi ya mtandao huo imefanyika mahali kama Kimalel kule Baringo na Kacheliba kule Pokot Magharibi, hospitali ambazo hakuna mfadhili angezifikiria kwa jaribio la dawa ya kisukari. Watu wa pale walifundishwa, na wengi walibaki kwa sababu ugonjwa ulibaki. Ila mtandao huenda ugonjwa uliko. Hospitali ya Eastlands haina wagonjwa wa kala-azar; ina shinikizo la damu, kifua kikuu, kisukari na watoto wenye nimonia. Ukipata mtandao wa kifua kikuu unaotafuta mahali mjini, hapo sawa.

Nitaje na hili kwa kuwa bado linauma. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, majaribio kadhaa barani Afrika yalikatika katikati, watu wakiwa bado na dawa au vifaa vya utafiti mwilini mwao, na wafanyakazi wakaamriwa wasiendelee na kazi. Fedha zikikauka, mshiriki hakauki pamoja nazo. Hospitali yenye wauguzi wake kwenye orodha yake ya mishahara inaweza kuendelea kumwona. Kituo kilichosimama kwa mfadhili mmoja hakina hata mtu wa kupokea simu.

Kamati ya maadili

Mkurugenzi wangu alikuwa na wazo lingine: waunde kamati yao ya maadili, kwa sababu foleni kwingine ni ndefu. Malalamiko ya foleni nayaelewa. Itifaki Kenya hupitia kamati ya maadili iliyoidhinishwa na NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), Bodi ya Famasia na Sumu, leseni ya utafiti ya NACOSTI yenyewe, kisha kibali cha kaunti na cha hospitali. Kuna kibali cha kuingiza dawa ya utafiti, kibali cha kusafirisha sampuli nje, na tangu mwaka 2019 sheria ya kulinda data binafsi. Kamati za vyuo vikuu husoma pia itifaki za wanafunzi wanaosubiri kuhitimu. Marekebisho madogo ya fomu yanaweza kukusimamisha wiki kadhaa huku mishahara ikitoka.

Hata hivyo nilimshauri asiunde kamati. Kamati inayosoma itifaki mbili au tatu kwa mwaka haipati jicho. Isitoshe, wajumbe wake wangekuwa watu wa hospitali hiyo hiyo inayongoja fedha za utafiti huo huo. Nani atasimama kikaoni kumwambia mkurugenzi wake kwamba fidia ya mshiriki haitoshi? Kamati inataka mwanasheria, watu wa nje ya taasisi, mtu wa kawaida asiyejua utabibu, katibu wa kudumu, na nauli ya kwenda kukagua utafiti ukiwa unaendelea. Hili la mwisho ndilo linaloachwa kwingi: kamati huidhinisha karatasi, na isirudi kuona kinachofanywa.

Tukiwalinganisha majirani: Tanzania wana kamati ya taifa, NatHREC, iliyo chini ya NIMR, taasisi yao ya taifa ya utafiti wa tiba, na majaribio ya dawa hupita pia kwa TMDA, mamlaka ya dawa iliyokuwa ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu kati ya nne za ukomavu kwa vipimo vya WHO, mwaka 2018. Mfumo wao una mlango mmoja mkuu unaojulikana. Wetu una milango mingi ya taasisi iliyo chini ya usimamizi mmoja, kwa hiyo kamati inaweza kuwa karibu na watu inaowalinda, lakini utafiti wenye vituo vitatu unaweza kujikuta mbele ya kamati tatu zenye maoni matatu juu ya sentensi moja. Kwa hospitali ndogo, naona dawa ni kutumia kamati moja iliyoidhinishwa kwa makubaliano ya maandishi, na kuiomba bodi ya dawa ipitie itifaki sambamba pale inaporuhusu. Kwa majaribio ya nchi nyingi kuna AVAREF, jukwaa lililoanzishwa na WHO mwaka 2006, ambapo wadhibiti na kamati za maadili za nchi kadhaa husoma itifaki pamoja. Aliye kwenye mtandao hufaidi mlango huo. Aliyejenga kituo chake peke yake si rahisi auone.

Kasi, lakini, si ndiyo kipimo changu cha kwanza. Miaka kadhaa nyuma tulitafsiri fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, ikapita kwenye kamati bila swali. Ilisema mshiriki atawekwa kwenye kundi "kwa bahati nasibu". Tulipoisoma mbele ya bodi ya ushauri ya jamii, mama mmoja aliinua mkono: "Sista, nikishinda nitapewa nini?" Hakuwa anatania. Kwake bahati nasibu ni ile ya redio, yenye zawadi. Wajumbe wote wa kamati walikuwa wasomi wa Kiswahili na Kiingereza, na hakuna aliyelisikia neno hilo kwa sikio la mtu wa Mathare. Tukabadilisha: "Utapangiwa kundi kama mtu anayerusha shilingi. Wewe huchagui, mimi sichagui, daktari hachagui." Tangu siku hiyo sikubali fomu iende kwenye kamati kabla haijasomwa kwa sauti na watu wa mtaa.

Hapa ndipo hospitali ya misheni inapowashinda wakubwa. Kituo kikuu kina kamati. Wewe una wahudumu wa afya ya jamii wanaojua mlango kwa mlango. Bodi ya ushauri ya jamii haihitaji ghorofa. Inahitaji watu kumi na wawili wanaoheshimiwa, nauli yao, chai, na ahadi kwamba wakisema hapana, hapana hiyo itaandikwa. Majengo, kule Pumwani, wanawake wanaofanya biashara ya ngono wameshiriki tafiti za HIV tangu miaka ya 1980, na dunia imejifunza mengi kutoka kwa damu yao, hasa ya wale ambao kwa miaka hawakuambukizwa. Kila anayeanzisha utafiti mjini hapa anapaswa kujua kwamba hawa wanawake wapo, wana sauti, na wana maswali kuhusu kile walichopata wao. Ukikutana na watu wanaosema "mnatutumia kama panya wa maabara", usiwajibu kwa brosha.

Ndiyo maana naupenda mpango wa KEN SHE katika hili pia. Kundi la kulinganisha halikupewa maji ya chumvi. Lilipewa chanjo ya homa ya uti wa mgongo, yenye faida yake, na mpango uliweka kwamba chanjo ya HPV ingewafikia baadaye. Tamko la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti kwa binadamu, lililorekebishwa tena Oktoba 2024, linataka suala la dawa baada ya utafiti lipangwe kabla ya kuanza. Ukiwa tawi, usiliache kwa kituo kikuu. Mama atakayerudi kuuliza hatakwenda Mbagathi, atakuja kwako.

Basi uchague ipi?

Kama una chini ya wauguzi wawili wenye uzoefu wa utafiti, na hakuna fungu la mishahara lisilotegemea mfadhili, kuwa tawi. Naisema bila kusita, na ndiyo niliyomwambia mkurugenzi. Ichukue kwa miaka mitano, kwa utafiti wa magonjwa unayoyatibu kila siku. Fedha za ramani ile ziweke kwenye mishahara ya watu watano, friji mbili, betri za kuhimili kukatika kwa stima, na bodi ya jamii.

Mtandao uchague ikiwa una ugonjwa ambao wengine hawana, au idadi ya wagonjwa isiyopatikana kwingine. Nairobi hii ni mara chache, lakini wodi ya watoto au kliniki kubwa ya kifua kikuu inaweza kuwa nayo. Uliza mapema data itakaa wapi na nakala yako utaipata lini.

Kujenga kituo ni kwa hospitali iliyokwisha kuwa tawi mara tatu au nne, yenye madaktari waliowahi kuandika itifaki wao wenyewe, na iliyo tayari kuwa kituo kikuu kwa wengine wa Kiambu au Machakos. Mara nyingi nimeona mambo yakianzia mwisho huu, na sijaona yakienda vizuri.

Yule mkurugenzi ana miadi na kituo kikuu wiki ijayo. Nimemwandikia maswali ya kubeba. La kwanza ni nani atakayemlipa muuguzi mwezi wa kwanza baada ya utafiti kufungwa. La pili, nani atasoma kipimajoto sikukuu. La tatu, wiki za Krismasi, nusu ya washiriki wakiwa wameenda mashambani Kakamega na Kitui, watawafuata kwa simu au wataandika tu kwamba wamepotea. Wakimjibu yote matatu bila kupekua karatasi, asaini.